Mwavuli wa kurusha: bitana, uzi na komwe

Maelekezo mengi ya kutengeneza parachuti ya watoto huanza na maneno haya: chukua mfuko wa plastiki. Kwetu Zanzibar mifuko hiyo ilipigwa marufuku 2006, miaka kumi na tatu kabla ya Bara, na sitaki mtu ahangaike kutafuta kitu cha magendo kwa ajili ya mchezo wa watoto. Tena hatuihitaji. Kwa fundi cherehani yeyote, akiwa Wete, Chake au Darajani, kuna kitambaa kinachoifanya kazi hii vizuri zaidi, na uzito tutauazima barazani kwa wacheza bao.

Kazi yangu mimi ni kushona kofia, kwa hivyo nikisema kwamba mwavuli ni nyuzi mtaona navutia upande wangu. Lakini nimeshatengeneza mingi na watoto wa mtaani kwetu, na takriban kila ulioanguka kama jiwe, nikiuokota nakuta kitambaa hakina tatizo. Uzi mmoja umezidi wenzake, au umekaza, au umejizonga. Watoto watataka kutumia saa nzima wakichagua rangi ya kitambaa. Waacheni wachague, ila muda wenu muuweke kwenye nyuzi.

Nitauita mwavuli, kama tunavyosema askari wa miavuli. Watoto wenyewe wanasema parachuti.

Vitu vya kutafuta

Kitambaa kiwe chepesi na kiwe kimefumwa kwa kubana. Kinachofaa kuliko vyote ni bitana, ile ya ndani ya koti au gauni. Fundi anayo mabaki yake kapuni, mwombeni kipande cha kutosha mraba wa sentimita 40. Kabla hamjaondoka dukani mfundisheni mtoto kukijaribu: akiweke mdomoni, kiganja akiweke upande wa pili, apulize. Akiuhisi upepo kiganjani, kitambaa kinavuja na hakitashika hewa. Mtandio mwepesi wa kuonyesha ndani hushindwa hapo hapo, ingawa ndio watoto wa kike huukimbilia kwanza kwa uzuri wake. Kanga nayo ni nzito, na ikiwa mpya yenye wanga wake inasimama kama kadi.

Uzi uwe wa pamba, laini, mnene kidogo kuliko wa cherehani. Uzi wa kofia unafaa sana. Msitumie mshipi wa kuvulia. Mwavuli wangu wa kwanza niliufunga kwa mshipi, nikijisifu kwamba huu haukatiki. Kweli haukukatika. Lakini mshipi ulishazoea kuzungushwa kwenye kibao chake, kila nikiunyoosha unajikunja upya, na mwavuli ukashuka umejifunga wenyewe kama bumunda. Mtoto wa kaka yangu akaniuliza, kwa adabu zote, "Shangazi, ndivyo unavyotakiwa kushuka?"

Uzito ni komwe. Nimejaribu mawe, vifuniko vya soda na hata vigae, nimerudi kwenye komwe. Zinakaribia kulingana, hazina ncha ya kumchoma mtu, na zinahesabika, jambo ambalo mtaliona faida yake tukifika kwenye kurusha. Bao linataka komwe 64, na wazee hawapendi zipungue, kwa hivyo mkiazima kumi mrudishe kumi. Walio karibu na pwani wanaweza kuziokota chini ya mkomwe, ila wajihadhari na miba. Kama ndani ya nyumba kuna mtoto anayetambaa, zihesabuni kabla ya mchezo na baada yake, maana kila kitu kwake ni cha kutia mdomoni.

Vilivyobaki mnavyo nyumbani: mkasi, kalamu, futi ya ushonaji, mshumaa, na punje nne za choroko. Ndiyo, choroko. Msizipike zote.

Kukata

Laza bitana mezani. Kunja pembe moja mpaka ukingo wake ulale juu ya ukingo wa pili, upate pembetatu, kisha kata kinachobaki pembeni. Ukifungua una mraba bila ya kupima pembe. Upande uwe sentimita 40, sawasawa na mkono wa mtoto wa darasa la pili kutoka begani hadi kwenye kiganja, au karibu na hapo.

Bitana ina tabia ya kufumuka ukingoni. Msiikunje pindo, inaongeza uzito. Mkubwa aupitishe ukingo karibu na mwali wa mshumaa, haraka, bila ya kuusimamisha. Bitana nyingi za siku hizi ni poliesta, huyeyuka kidogo na kujifunga. Hapo watoto wakae mbali, na ndoo ya maji iwe karibu.

Tundu la katikati bado. Najua mmeona picha za miavuli yenye tundu juu. Subirini.

Nyuzi

Kata nyuzi nne, kila mmoja sentimita 55. Usikate mmoja mmoja kwa kupima upya. Kata wa kwanza, halafu ulaze mwingine juu yake, na yote minne ipimwe kwa ule ule wa kwanza. Ukipima wa pili kwa wa kwanza na wa tatu kwa wa pili, kosa dogo linazaa jengine, na wa nne unakuja umetofautiana kwa kidole kizima.

Sasa choroko. Uzi ukifungwa kwenye pembe ya bitana tupu, bitana inateleza na fundo linachomoka mwavuli ukiwa hewani. Kwa hivyo tia punje moja ya choroko kwenye pembe, ifunike kwa ncha ya kitambaa, halafu funga uzi nyuma yake, kwenye shingo. Ni kama bibi anavyofunga pesa kwenye pembe ya kanga: ukivuta, fundo linazidi kukaza na kilichomo hakitoki. Mtoto wa miaka saba anaweza kulifunga mwenyewe ukimshikia shingo kwa vidole viwili. Atakosea mara mbili. Mwache akosee.

Pembe zote nne zikishafungwa, inakuja sehemu ambayo nataka muifanye pole pole, kwa sababu ndiyo mwavuli wenyewe.

Mtoto mmoja asimame, akamate kitambaa katikati kabisa kwa vidole viwili, akiinue juu. Kitambaa kitaning'inia kama mwavuli wa mvua uliofungwa, pembe nne chini. Mkubwa apige magoti mbele yake. Kusanya pembe nne pamoja, hakikisha zile choroko nne zimekaa mstari mmoja, hakuna iliyo juu wala chini. Zibane kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia zikamate nyuzi zote nne karibu na choroko, uteremshe vidole taratibu kuelekea chini huku ukizivuta zinyooke, kama unavyochana nywele ndefu. Ukifika sentimita 45 hivi, simama. Hapo hapo, bila ya kuachia, mtoto wa pili azifunge zote nne kwa fundo moja.

Angalia chini ya fundo. Ncha zimetoka urefu tofauti, moja ndefu, nyengine fupi. Hiyo si kitu, zikate. Kinacholingana ni kilicho juu ya fundo, na ndicho tunachokitaka. Ukizipima ncha za chini badala ya kuzipima nyuzi za juu, umerudi kule kule kwa mwavuli wa mshipi.

Jaribu: shika fundo, pindua kitambaa kikae juu ya kiganja cha mtoto, vuta fundo chini. Nyuzi zote nne zikikaza kwa pamoja, umemaliza. Mmoja ukilegea, fungua fundo urudie. Usijaribu kuukaza huo mmoja peke yake, utauharibu wa jirani yake. Mimi kwenye kofia nikikosea tobwe moja, yaani kitundu cha pambo, naweza kuficha kwa uzi wa juu. Kwenye mwavuli hakuna pa kuficha, hewa inalijua kosa lako.

Kifuko cha komwe

Kata duara kwenye mabaki ya bitana, upana wa sahani ya kikombe. Tia komwe sita, kusanya kingo, funga kwa kitanzi ambacho kinafunguka ukivuta, usifunge fundo la kudumu. Tutazitoa na kuziongeza. Kifunge kifuko kwenye lile fundo la nyuzi nne, kikae karibu nalo. Mtoto akitaka kumtundika mwanasesere badala ya kifuko, sawa, lakini iwe baadaye.

Kurusha

Chagueni wakati usio na upepo. Kipindi cha kusi kinapovuma, asubuhi mapema ndiyo salama yenu, ikishafika saa nne mwavuli utakwenda unakotaka wenyewe. Kaskazi ikiwa kali ni hivyo hivyo. Upande wa nyumba uliokingwa unasaidia.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kurusha juu kutoka chini. Kamata kitambaa katikati, kinyooshe kiwe kama utambi, kikunje mara mbili au tatu kwa urefu, halafu nyuzi zizungushe juu yake kwa ulegevu, mzunguko mmoja au miwili tu. Kifuko kiwe nje. Rusha juu kwa nguvu kama unavyorusha jiwe kuangua embe. Kikifika juu kabisa na kuanza kurudi, nyuzi zinajifungua, kitambaa kinashika hewa. Watoto wengi huzungusha nyuzi kwa kukaza, wakiogopa isifunguke kabla ya wakati, na haifunguki kabisa.

Njia ya pili ni kuuachia kutoka juu. Mkubwa asimame kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza, anyooshe mkono nje, akiwa ameukamata mwavuli katikati huku kifuko kinaning'inia, auachie. Watoto wote wawe chini. Hili nalisisitiza kwa wanaokaa majumba ya Michenzani na kwengineko kwenye ghorofa: mtoto asikaribie ukuta wa roshani kwa ajili ya mchezo huu, hata akilia.

Wa chini wana kazi yao. Mmoja ashike saa ya simu. Kwanza achieni komwe tupu, bila ya mwavuli. Kwa urefu wa mita nne inafika chini kabla ya sekunde moja kwisha. Halafu mwavuli wenye komwe sita: sekunde mbili na kitu. Mtoto hahitaji kuambiwa kwamba hewa ina nguvu, ameishaiona kwenye saa.

Akitaka kuihisi pia, mpe kitambaa kikubwa akikamate pembe mbili mbele yake akimbie nacho uwanjani. Akitembea hakimsumbui. Akikimbia kinamrudisha nyuma. Hapo ndipo mnaweza kumweleza kwamba mwavuli ukiachiwa huanza kushuka kwa kasi inayoongezeka, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo hewa inavyousukuma juu zaidi, mpaka kusukuma kwa hewa kukalingana na uzito. Kutoka hapo kasi haiongezeki tena. Unashuka mwendo mmoja mpaka chini.

Sasa ndio faida ya kuhesabu komwe. Toeni mbili, zibaki nne, pimeni. Tieni kumi, pimeni. Tieni mbili tu na mtaona mwavuli unayumba, unakunjika, unachukuliwa na kila kaupepo kanakopita, kwa sababu hakuna kinachozivuta nyuzi zinyooke. Kila kitambaa kina idadi yake, na bitana yetu ya sentimita 40 hupendelea kati ya sita na nane. Swali la watoto huwa ni moja: "Tukitia komwe zote?" Utashuka kwa kasi zaidi, lakini si kwa kiasi wanachodhani. Uzito wote, pamoja na wa kitambaa, ukizidi mara nne, kasi huzidi mara mbili. Na ukitaka mzigo huo mkubwa ushuke taratibu kama mwanzo, kitambaa nacho kiongezeke eneo mara nne, yaani kila upande mara mbili. Hesabu hii nimeiona ikimkalisha kimya mtoto wa darasa la sita ambaye skuli hapendi hesabu hata kidogo.

Tundu

Baada ya kuurusha mara tano sita, mtoto mwenye macho atasema kwamba mwavuli unabembea. Unashuka vizuri, lakini unakwenda huku na huku kama pembea. Akisema hivyo, leteni mkasi.

Kitambaa kimejaa hewa na hewa inataka pa kutokea. Ikikosa, inamwagika kwenye ukingo mmoja, mwavuli unasukumwa upande wa pili, kisha inamwagika upande ule, na mchezo unaendelea hivyo mpaka chini. Mfaransa André-Jacques Garnerin alipata taabu hiyo hiyo akiwa amekaa ndani ya kikapu. Tarehe 22 Oktoba 1797, jijini Paris, alipanda kwa puto mpaka karibu mita 1,000, akaikata kamba, akashuka na mwavuli usio na tundu. Kikapu kilimbembeza vibaya njia nzima, ila alifika mzima. Miavuli iliyofuata ikatobolewa juu. Wasichana wenu wakiona haya ni mambo ya wanaume, waambieni Jeanne Labrosse, aliyekuja kuwa mke wa Garnerin, aliruka 1799.

Kunja mraba mara mbili upate mraba mdogo, tafuta ile pembe ambayo ndiyo katikati ya kitambaa, kata ncha yake sentimita moja. Ukifungua una tundu la kutosha. Ukingo wake upitishwe mshumaa kama kingo za nje, au, kama nyumbani kuna mtu anayeshona kofia, mwombeni auzungushie uzi kama anavyozungushia tobwe. Mimi huzungushia. Haiongezi chochote kwenye kushuka, napenda tu.

Rusheni tena. Kubembea kutapungua sana, na mwavuli utashuka haraka kidogo kuliko mwanzo. Tundu likizidi upana wa mdomo wa kikombe cha kahawa, mmeuharibu, kateni mwengine.

Mwavuli wa mwavuli

Baada ya masika kila nyumba ina mwavuli mmoja nyuma ya mlango ambao mbavu zake zimevunjika na hakuna mwenye moyo wa kuutupa. Huo ni parachuti iliyokwisha kushonwa. Kitambaa chake hakipitishi hewa, kina umbo la bakuli badala ya kuwa bapa, kina pembe nane kama ni ule wa kawaida, na juu kabisa kina tundu, pale palipopita mti wake.

Fumua zile nyuzi ndogo zinazokishika kitambaa kwenye mbavu, toa vikofia vya ncha, tupa chuma chote mahala ambapo watoto hawatakigusa. Funga nyuzi nane, safari hii ndefu zaidi, karibu sawa na upana wa kitambaa kilichotandazwa. Choroko hazihitajiki, kwenye pembe kuna mshono unaoshika. Njia ya kufunga fundo ni ile ile ya kukamata katikati na kuchana kwa vidole, ila nyuzi nane zinataka mtu wa tatu.

Mwavuli mdogo wa mtoto unabeba mwanasesere au chupa ndogo ya dawa ya plastiki yenye mchanga kidogo. Hapo mzigo umeshakuwa wa kumuumiza mtu kichwani, kwa hivyo hakuna kusimama chini yake kuudaka. Waudake kwa kitambaa wakikikamata kutoka pembeni, si kwa kichwa.

Na huu unakwenda mbali. Wetu uliachiwa asubuhi moja ya Septemba nikidhani kusi imelala. Ukapita juu ya ukuta, ukapita mgomba, ukatua katikati ya jamvi la karafuu za jirani zilizoanikwa. Tukaenda sote, watoto wanne nyuma yangu.

"Shikamoo bibi. Tumekuja kuufuata mwavuli wetu."

"Marahaba. Mwavuli na jua lote hili?"

Akautazama, akavuta nyuzi zake moja moja, akasema huu wa tatu umelegea. Ulikuwa umelegea kweli.

Ukinasa juu ya mkarafuu, uacheni. Matawi ya mkarafuu hukatika ghafla hata chini ya mtu mzima anayeujua, na kila msimu tunasikia ya walioanguka. Upepo utauteremsha, au mtakata bitana nyengine.

Mkimaliza, komwe zirudi barazani. Mwavuli usikunjwe na kutiwa sandukuni, nyuzi zitazongana na asubuhi yote ya pili itakwenda kwa kuzifumbua. Utundikeni kwenye msumari kwa lile tundu la juu, nyuzi zining'inie zenyewe, mbali na mkono wa anayetambaa.